Nyuso za wanafunzi zaungua, nasi twazitazama tu

Husemwa, tena husemwa na watu waliobukua vitabu, kwamba mtu mweusi hapatwi na wekundu wa uso. Wekundu huo, wanashikilia, ni maradhi ya watalii wanaojianika mchangani Diani au Watamu kutwa nzima na jioni wakarejea hotelini wameiva kama kamba waliotoka chunguni. Sisi, eti, Mola ametukinga kwa rangi aliyotujalia. Naipinga dhana hii, na sababu ya kuipinga si ubishi wa barazani. Naipinga kwa kuwa inawaumiza vijana wetu shuleni, na inawaumiza kimyakimya.

Lugha yetu yenyewe inaikanusha. Mswahili hunena kwamba fulani uso umemwiva anapopandwa na hasira au anapotahayari mbele ya watu. Akipatwa na hofu, ugonjwa au majonzi, husemwa kuwa amesawijika, yaani rangi ya uso imemgeuka na nuru imemtoka. Waliotunga maneno haya hawakuwa wakichungulia nyuso za wageni. Walikuwa wakitazamana wao kwa wao, na walijua kwamba damu hupanda usoni mwa kila binadamu. Kinachotofautiana ni jinsi inavyoonekana kupitia ngozi. Kwa mtu mweupe huonekana dhahiri. Kwa mwenye rangi ya maji ya kunde huwa kama hudhurungi iliyokolea au zambarau hafifu. Kwa mtu mweusi tititi huenda pakaonekana weusi uliozidi weusi, au pasionekane kitu chochote, hali ikabaki kuhisiwa tu na mwenyewe: joto mashavuni, mwasho, uchomaji kama wa pilipili, na uvimbe mdogo chini ya macho. Mwanafunzi wa namna hiyo akimwendea mwalimu na kulalamika kwamba uso unamwaka moto, hutazamwa, hupatikana hana kitu, akaambiwa arudi darasani.

Lawama hii haimwangukii mwalimu peke yake. Hata wataalamu walichelewa. Mwaka 1975 daktari wa Kimarekani aitwaye Thomas Fitzpatrick alibuni kipimo cha kuzigawa ngozi za watu kulingana na zinavyoungua au kukolea rangi juani. Mwanzoni kipimo hicho kilikuwa na madaraja manne tu, nayo yalikuwa ya watu weupe. Daraja la tano na la sita, yaani sisi wa maji ya kunde na sisi weusi, tuliongezwa baadaye. Vitabu vingi vya udaktari navyo vilijaa picha za ngozi nyeupe, hivi kwamba aliyevisoma angeweza kufuzu bila kujua upele unavyoonekana katika uso wa shangazi yake mwenyewe. Mwaka 2020 mwanafunzi mmoja wa udaktari katika chuo cha St George's, London, Malone Mukwende, alishirikiana na walimu wake wawili kuandika kijitabu cha kuonyesha dalili za magonjwa katika ngozi za watu weusi na wa hudhurungi. Nalitaja jambo hili kwa wasomaji wa ukurasa huu kwa makusudi. Mwanafunzi aliuliza swali ambalo vitabu havikulijibu, na walimu, badala ya kumkemea kwa kuwasumbua, wakaketi naye wakaandika.

Huku kwetu Afrika Mashariki hatukulala fofofo. Tangu mwaka 1992 kipo kituo cha kanda cha kufundishia magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, na waliofunzwa hapo wametawanyika katika nchi nyingi za bara letu. Lakini daktari wa ngozi bado ni adimu kama maziwa ya kuku kwa mwanafunzi aliyeko bweni la mashambani. Anayemkuta kwanza ni mwalimu wa zamu, kisha matroni, kisha, siku ya kutoka shuleni, muuza dawa wa mjini. Hawa watatu ndio ninaotaka kuwazungumzia, ila kwanza tuyatazame mazingira yenyewe.

Tunaishi chini ya jua la utosi. Nchi yetu imepitiwa na ikweta, na kwa hivyo hatuna miezi ya kupumzika kama walivyo nayo watu wa Ulaya, ambao jua lao la kipupwe ni la kuangazia njia tu. Isitoshe, wengi wetu tunaishi juu sana. Miali ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda kutoka usawa wa bahari. Eldoret iko mita 2,000 na ushei. Kijana anayecheza kandanda huko saa saba mchana, huku upepo baridi ukimpuliza na kumsahaulisha, hupigwa na miali mikali kuliko mwenzake anayeogelea Nyali chini ya anga iliyo sawa na hiyo. Baridi ya nyanda za juu ni msiri wa jua. Humfichia mtu habari mpaka jioni. Pwani nako kuna jasho na unyevu, na harara humtoka mtu shingoni na kwenye paji la uso kwa kuwa vitundu vya jasho vimeziba. Ukielekea Lodwar au Garissa utakutana na ukavu na vumbi, na mara nyingi maji ya kisima yenye chumvi, ambayo sabuni haitoi povu ndani yake hata uisugue hadi kesho.

Na sabuni hiyo ni ipi? Hapa ndipo shule inapoingia. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo. Ukiipima, utapata pH inayokaribia 5. Sabuni ya kipande, ile ndefu ya kufulia ambayo hukatwakatwa na kugawanywa mabwenini, ni alikali, na pH yake aghalabu hufika 9 au 10. Imetengenezwa kung'oa mafuta na uchafu katika nguo. Ikipakwa usoni asubuhi na jioni hung'oa pia mafuta ambayo ngozi imejiwekea kuwa ukuta wake. Kwa wanafunzi wengi hili halina neno. Ngozi zao hustahimili. Lakini kwa mwenye ngozi nyepesi, hasa aliyewahi kuwa na ukurutu utotoni, ukuta ule ukibomolewa kila siku haupati nafasi ya kujijenga upya. Uso hukauka, hukaza, huwasha, na mwenyewe, akidhani uchafu haujatoka, husugua zaidi.

Hapo ndipo muuza dawa anapopata wateja.

Miaka michache iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha, msichana mmoja wa kidato cha tatu alianza kuketi nyuma kabisa ya darasa, kiganja kimeziba shavu. Alikuwa mwepesi wa kujibu maswali; sasa hata akiitwa jina alijibu kwa sauti ya kunong'ona. Kisa chake nilikuja kuhadithiwa na matroni. Alikuwa na chunusi, jambo la kawaida kwa umri wake. Siku ya likizo fupi aliingia katika duka la dawa la mjini, akaeleza shida yake, akauziwa mrija mdogo wa dawa ya kupaka bila kuulizwa swali hata moja na bila kuonyesha agizo la daktari. Alielezwa apake asubuhi na jioni. Kwa wiki mbili uso ulitakata ajabu. Wenzake walimwuliza siri, na mrija ule ukaanza kuzunguka bwenini, tone kwa kijiko cha sukari. Ulipokwisha katikati ya muhula, uso wake uliwaka. Ngozi ilivimba, ikawasha, ikatoa vipele vidogovidogo kuzunguka mdomo, na hata maji baridi yakawa yanamchoma. Chumba cha walimu kilikwisha kutoa hukumu: urembo umemponza. Mwenzangu mmoja aliipigia methali ya uzuri wa mkakasi, watu wakacheka.

Sikucheka, kwa kuwa dawa ile naijua. Ilikuwa ya jamii ya steroidi, tena ile yenye nguvu nyingi. Wasomaji wapenzi, niruhusuni nieleze kidogo, kwa maana bila kuelewa inavyofanya kazi hatutaelewa kwa nini vijana wenye akili timamu hunaswa nayo.

Dawa za steroidi za kupaka zilianza kutumika mapema katika miaka ya 1950. Mwaka 1952 madaktari Sulzberger na Witten walieleza jinsi haidrokotisoni ilivyotuliza ukurutu. Zilikuwa neema, na ni neema hadi leo. Mtoto aliyekuwa akijikuna hadi kutoka damu usiku kucha hulala akipakwa dawa hii kwa kipimo na kwa muda uliowekwa. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba steroidi ni sumu, akaitupa dawa aliyoandikiwa mwanawe na daktari. Lakini tazama jinsi nguvu yake inavyopimwa. Mwaka 1962 wataalamu wawili, McKenzie na Stoughton, walionyesha kwamba dawa hizi zinaweza kupimwa kwa kuzipaka kwenye ngozi na kuangalia jinsi inavyopauka. Ngozi hupauka kwa sababu mishipa midogo ya damu hujikaza. Kadiri dawa ilivyo kali, ndivyo ngozi inavyopauka. Kwa hiyo kule kutakata kwa uso katika wiki ya kwanza si afya iliyorudi. Ni damu iliyofukuzwa.

Mishipa haikubali kukazwa milele. Dawa inapoondolewa hulegea na kutanuka kuliko ilivyokuwa mwanzo, na uso huwaka. Mtu akiona hivyo hurudia kupaka, uso ukatulia, akaacha, ukawaka tena, na kila mzunguko hudai dawa zaidi. Mwaka 1979 madaktari Kligman na Frosch waliuita huu uraibu wa steroidi. Wakati huohuo ngozi yenyewe hukonda, mishipa ikaanza kuonekana kama nyuzi, nywele zikaota mahali pasipostahili, na chunusi zilezile zilizokimbiwa zikarudi na ndugu zake. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu yaweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho na kuharibu uwezo wa kuona. Ikipakwa juu ya choa, ugonjwa ambao haukosekani katika mabweni yetu, hutuliza mwasho na kuufifisha ule mviringo unaojulikana, huku kuvu wakiendelea kutambaa chini kwa chini. Hata daktari akija kutazama hautambui. Na uso si mahali pa kufanyia majaribio. Utafiti wa Feldmann na Maibach wa mwaka 1967 ulionyesha kwamba ngozi ya paji la uso hunywa haidrokotisoni takriban mara 6 ya ile ya mkono upande wa ndani. Dawa kali iliyofaa goti au kiwiko, ikipandishwa usoni, huwa dawa nyingine kabisa.

Kuna watakaosema kwamba hili ni suala la kujichubua, na kwamba lilikwisha kushughulikiwa. Kweli lilishughulikiwa katika makaratasi. Kenya ilipiga marufuku mwaka 1998 vipodozi vya kuchubua vyenye haidrokwinoni, zebaki na steroidi. Afrika Kusini ilikuwa imechukua hatua kali zaidi mwaka 1990, ikakataza hata kutangaza kwamba kipodozi fulani kinang'arisha rangi ya mtu. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliangamizwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, ulikataza vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni kuanzia mwaka 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana hata kiwango hicho kiondolewe ifikapo 2025. Zebaki haichubui uso tu. Hupenya na kuharibu figo. Haya yote ni mema. Hata hivyo mkorogo ungali unauzwa sokoni, katika vikopo visivyo na maandishi na katika mirija yenye maandishi ya lugha ambazo muuzaji mwenyewe hazisomi.

Lakini nashikilia kwamba msichana yule hakuwa akijichubua. Alikuwa akitafuta tiba ya chunusi. Hakuingia kwa mchuuzi wa mkorogo, aliingia duka la dawa lenye mizani na makoti meupe, akauziwa dawa halali kwa njia isiyo halali. Sheria ya kupiga marufuku vipodozi haimgusi. Inayomgusa ni ile kanuni kongwe kwamba dawa kali hutolewa kwa agizo la daktari, kanuni ambayo katika maduka mengi imegeuzwa pambo la ukutani. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa haliwezi kumsaidia hapa. Ni Bodi ya Dawa na Sumu inayopaswa kumwuliza muuza dawa amempa nani nini, na kwa agizo la nani. Iwapo tunaweza kuhesabu vidonge vya usingizi kimoja kimoja, basi mirija ya klobetasoli na betamethasoni nayo yahesabika.

Nirudi sasa shuleni, kwa maana huko ndiko tunakoweza kutenda bila kungojea Nairobi. Shule nyingi za bweni zina orodha ya vitu ambavyo mwanafunzi aruhusiwa kuja navyo. Aghalabu huruhusu sabuni ya kipande, sabuni moja ya kuogea na kikopo kimoja cha mafuta ya mgando. Kingine chochote cha kupaka hunyang'anywa langoni. Kofia nazo ni haramu isipokuwa kwa askari wa lango. Nayaelewa makusudio. Nimekuwa mwalimu, najua kwamba ukiruhusu losheni moja leo, kesho bweni lote litanukia kama duka la manukato, na mtoto wa maskini atajiona duni kando ya mtoto wa tajiri. Usawa ni jambo la heshima. Lakini usawa wa kuwavisha wote kiatu namba 7 ni usawa gani? Mwanafunzi mwenye miwani hatumwambii aivue ili afanane na wenzake.

Ninachopendekeza ni kidogo. Mwanafunzi mwenye ngozi inayodhurika, akiwa na barua ya kituo cha afya, aruhusiwe sabuni isiyo kali wala manukato, mafuta yasiyo na harufu, na kofia yenye ukingo mpana awapo nje. Matroni aweke vitu hivyo akitaka, avitoe kila asubuhi, na hatari ya bweni kugeuka saluni itakuwa imekwisha. Mazoezi ya riadha na gwaride yanaweza kufanywa kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri, kwa maana katikati ya saa hizo ndipo jua linapokuwa kali kupindukia. Haya hayahitaji bajeti ya wizara.

Mafuta ya kukinga jua yamezuliwa ubishi mwingi, nami nina langu la kusema. Matangazo ya siku hizi yanataka kila Mwafrika anunue chupa ya mafuta hayo kila mwezi. Sikubaliani nayo. Utafiti uliofanywa Marekani mwaka 1979 na Kaidbey na wenzake ulionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hukinga miali inayounguza kwa kadiri ya mara 13, ilhali la ngozi nyeupe hukinga mara 3 na kitu. Mzazi anayehangaikia karo asibebeshwe mzigo huu bure. Lakini wako wanaoyahitaji kwelikweli: wenye ualbino, waliokondeshwa ngozi na steroidi, wenye maradhi yanayochochewa na jua, na wale ambao chunusi huwaachia mabaka meusi yasiyofutika. Kwa hawa mafuta ya kiwango cha 30 au zaidi ni dawa, na yahesabiwe hivyo. Mwenye ualbino hasa, ambaye ngozi yake haina melanini ya kutosha kumkinga, hafai kusimama gwarideni saa sita mchana akiimbishwa wimbo wa shule. Saratani ya ngozi humjia mapema, na kila mchana wa namna hiyo huandikwa katika deni lake. Tarehe 13 Juni ya kila mwaka, tangu 2015, ulimwengu huadhimisha siku ya watu wenye ualbino, na shule zetu huwapa hotuba. Kofia ingewafaa zaidi.

Sasa niseme na wanafunzi. Ukiwa na uso mwepesi wa kuwaka, osha mara mbili kwa siku, si mara sita, kwa maji ya baridi au ya vuguvugu, na ujikaushe kwa kugusagusa badala ya kusugua. Paka mafuta yasiyo na harufu ngozi ingali na unyevu. Chunguza pia kinachokuchochea. Wengine huwashwa nyuso na chai ya moto, wengine na pilipili, wengine na joto la jikoni, wengine na mori wa mchezo. Upo ugonjwa uitwao rosasia ambao hufanya hivyo, na kwa watu weusi mara nyingi hudhaniwa kuwa chunusi. Usipake dawa ya meno usoni. Usijipake ndimu ukatoka nje: maji ya ndimu yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha baka jeusi litakalokaa miezi. Bibi zetu wa Lamu na Mombasa walisaga liwa juu ya jiwe wakapaka nyusoni, nami sina ugomvi na liwa. Ila jaribu kwanza kidogo kwenye mkono, ungoje siku mbili, kwa maana ngozi nyepesi haijui lipi ni la asili na lipi ni la kiwandani. Na ikiwa umekwisha kutumia mrija ule wa mjini kwa wiki nyingi, usiutupe ghafla kwa hofu baada ya kusoma makala hii. Nenda hospitali nao mkononi, uuonyeshe, na ueleze umeutumia muda gani. Huenda ukapunguziwa hatua kwa hatua. Kuwaka kutakuwapo, pengine kwa wiki kadhaa, pengine kwa miezi, lakini ngozi nyingi hurejea.

Kuna upele mmoja ambao sitaki uchanganywe na haya. Ni ule unaokaa juu ya mashavu yote mawili na kuvuka daraja la pua kama kipepeo aliyetandaza mbawa, ukazidi kila mtu akipigwa na jua, na ukaandamana na uchovu, maumivu ya viungo, vidonda vya mdomo au homa zisizoisha. Huo waweza kuwa ugonjwa wa lupasi. Huwashika zaidi wanawake vijana, na waweza kuzivamia figo. Mwalimu akiuona asimpe msichana ruhusa ya kulala tu bwenini. Ampeleke hospitali, damu na mkojo vipimwe.

Walimu wa bayolojia wanao mlango wao. Katika mtaala wa 8-4-4 ngozi ilifundishwa kidato cha pili katika mada ya utoaji takamwili. Wanafunzi walichora mchoro, wakaandika majina ya tezi na vinyweleo, wakapata alama 10, kisha wakaenda kujipaka sabuni ya kufulia. Hakuna aliyewaambia kwamba mchoro ule ni wa nyuso zao. Mtaala mpya unajigamba kwamba utafundisha umilisi, yaani maarifa yanayotumika maishani. Basi hapa pana pa kuanzia: wanafunzi waletewe vibandiko vya sabuni na mafuta wanayotumia, wavisome kwa sauti, wajifunze maneno yaliyomo na wajue ni yapi ya kuyakimbia. Mwalimu wa Kiswahili naye ana kazi, kwa maana maandishi hayo mengi yako katika lugha ambayo matroni na mzazi hawaielewi, na hakuna aliyejishughulisha kuyatafsiri.

Msichana niliyemtaja alihamia shule ya kutwa karibu na kwao. Habari nilizopata kutoka kwa matroni ni kwamba uso ulitulia baada ya kadiri ya miezi mitano, isipokuwa mistari michache ya mishipa kando ya pua ambayo haikuondoka. Duka lile lingali wazi, na likizo fupi ya muhula huu iko karibu. Walimu wakuu ndio watakaokuwa wakichapisha orodha za mahitaji ya muhula ujao katika wiki hizohizo, na mstari mmoja kuhusu kofia na sabuni isiyo kali unatoshea pale chini ya mstari wa shuka na ndoo.